Mchimba Kisima wa Kuchorwa

Mzee Joash aliingia banda la filamu bila kubisha hodi. Aliusukuma mlango wa mabati kwa fimbo, jua la saa nane likamwagika hadi kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani, na watu waliokuwa wamekaa gizani wakapiga kelele, "Funga mlango!" Mzee hakuharakisha. Alisimama pale pale, kofia kichwani, akawatazama mmoja mmoja kama mtu anayekagua ng'ombe wa jirani.

"Nyumba ya upuuzi haibishwi hodi," alisema kwa Kijaluo, kwa sauti ya kusikika, kisha akaenda kuketi kwenye benchi la nyuma.

Mbele, kando ya shuka, Dorine alikuwa ameshika kipaza sauti. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na watazamaji wa Macalder, ambao hawana adabu hata ya kukopa, hawakuwahi kumtisha. Leo alimwogopa mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyemzaa.

Mambo yalikuwa hivi. Macalder ni mji wa dhahabu, na dhahabu haiulizi mtu ametoka wapi. Wapo Wajaluo, Wakuria, Wakisii, na wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, wote wanachimba na kuchekecha mchanga, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili, kila mtu na chake. Filamu nazo zinakuja zikisema Kijapani, na chini yake maandishi ya Kiingereza yanayopita mbio kama mwizi aliyeonwa. Macho yaliyoshinda kwenye vumbi la mawe hayawezi kuyakimbiza. Ndiyo maana yuko Dorine, ambaye watu wanamwita DJ. Yeye anayasoma, anayageuza Kiswahili, anawapa watu wa kwenye picha majina ya hapa hapa, na anatia utani. Siku nyingine za wiki ni za ngumi na bunduki, ambazo Bonface mwenye banda anazipenda. Jumamosi mchana ni ya Dorine, na Dorine anaonyesha katuni za Kijapani.

Sasa mwambie hivyo baba aliyekusomesha ualimu wa chekechea. Mzee Joash alikuwa amechimba dhahabu hapa hapa Macalder miaka kumi na minane, mpaka shimo lilipomfunika mdogo wake, Tony. Siku ya tatu baada ya mazishi alihamia Ndhiwa kufuga, na tangu hapo miguu yake haikukanyaga tena mji huu. Dorine alifundisha miaka miwili mjini Homa Bay, akaacha. Kwa mzee, mtoto aliyeacha chaki ili aende kuwasomea watu wazima katuni, tena palepale alipomwacha Tony, alikuwa amerogwa au amekosa haya. Hakuona sababu ya tatu.

Wiki iliyopita alimpigia simu. Nafasi ilikuwa imepatikana katika shule moja ya Ndhiwa, na mwalimu mkuu alitaka jibu Jumatatu. Walibishana mpaka salio likakaribia kuisha. Mwisho Dorine alisema, "Baba, njoo utazame moja tu, mwanzo hadi mwisho. Ukiniambia ni mchezo wa watoto, Jumatatu nitakuwa Ndhiwa."

"Funga mizigo," mzee alijibu, akakata.

Na Dorine alikuwa ameifunga. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, tayari, kwa sababu alimjua baba yake, na kwa sababu yeye mwenyewe akishasema neno halirudishi. Moyo ulimuuma kila alipoliona.

Angemweleza vipi? Alipokuwa na miaka tisa, kwa shangazi Roselyn huko Homa Bay, aliona katuni moja ya Kijapani yenye bata aliyejaribu kupanda ngazi, akacheka mpaka akatokwa na machozi. Akiwa na miaka ishirini na tano aliikuta tena, akaketi kumngoja bata. Bata alikuwepo, lakini safari hii Dorine alimwona mama aliyesimama kwenye mlango wa jikoni akimtazama mwanawe akiondoka, mkono ukiwa bado na unga. Mama huyo alikuwepo tangu zamani. Dorine ndiye alikuwa hajafika kwake. Alilia siku hiyo kama aliyefiwa, na tangu hapo aliamini kwamba filamu hizi zinamsubiri mtu akue, kisha zinampa fungu lake lingine. Tazama benchi la mbele bandani kama unabisha: watoto wa miaka sita. Nyuma yao akina mama wenye mabeseni ya samaki. Nyuma yao Nchagwa, Mkuria mchimba dhahabu mwenye mabega mapana kama mlango, ambaye hulia kila Jumamosi na kusema ni vumbi.

Taa ya projekta ikawaka.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya mzee mmoja mchimba visima katika kijiji cha milimani, na msichana mdogo jirani yake. Huko Japani wana majina yao. Macalder waliitwa Mzee Orina na Rispa. Kisima cha kijiji kilikuwa kimekauka, watu wameanza kuhama, na Rispa alikuwa ameshika shati la mzee akimwomba asiondoke kabla ya kujaribu mara moja.

"Orina anasema mgongo umekataa," Dorine alitangaza kipazani. "Rispa anasema, mzee, mgongo wako haujaulizwa!"

Banda likacheka. Benchi la nyuma halikucheka.

Mzee Joash alikuwa amekuja kutafuta makosa, na hakutaka kuyatafuta kimya kimya. Orina alipochukua kamba kutoka ghalani, alisema kwa nguvu, "Kamba ya zamani hivyo itakatika. Uongo mtupu."

Kwenye shuka, Orina aliivuta kamba mara mbili, akaipitisha polepole kati ya vidole, akafika mahali palipolegea nyuzi. Akapakata kwa kisu, akafunga upya.

Nchagwa aligeuka nyuma. "Mzee, umemsikia? Amekuogopa."

"Hajatema mate viganjani," Joash alisema. "Mchimbaji gani huyo?"

Orina akatema mate viganjani, akasugua, akashika sururu. Bandani vicheko vilipasuka, lakini Dorine aliona kwamba baba yake ameinama mbele, kidevu juu ya fimbo. Usione vyaelea, vimeundwa. Mtu fulani, mbali sana, alikuwa ameketi akachora picha elfu na elfu ili mate yaanguke kwenye kiganja sawasawa na mate ya mtu wa Macalder. Alichora vumbi linavyokaa kwenye nyusi. Alichora mzee anavyoshuka shimoni kwa kutanguliza mguu wa kushoto, na namna goti linavyosita kidogo kabla ya kukubali. Dakika nyingi zikapita bila Mzee Joash kutaja kosa lingine. Dorine akaanza kutumaini, na matumaini yakamfanya achangamke kupita kiasi.

Ndipo pakafika pale pa mdomo wa kisima kipya.

Orina, akiwa bado juu, anapiga magoti. Anaweka kiganja kwenye udongo, kisha sikio, anafumba macho. Hakuna linalotokea. Panzi anapanda juu ya kiatu chake. Kivuli cha wingu kinavuka shamba. Filamu inakaa hapo muda mrefu bila neno wala muziki, na kazi ya Dorine haikuruhusu kitu kama hicho. Bonface alimfundisha siku ya kwanza: "Ukinyamaza, watu watadhani stima imepotea." Mara sita alikuwa ameionyesha filamu hii, na mara sita alikuwa na utani wake wa hapo.

"Haya, Orina amelala!" alipaza sauti. "Ugali wa mchana umemshinda! Rispa, leta blanketi..."

"Nyamaza wewe!"

Mzee Joash alikuwa amesimama. Fimbo yake ilikuwa imeelekezwa kwa binti yake, mbele ya watu wote.

"Hajalala. Anasikiliza."

Vicheko vilikatika. Dorine alihisi uso ukimwaka moto. Kugombezwa na baba mbele ya watoto wa miaka sita, kazini kwake, siku ambayo alitaka aonekane! Aliliona sanduku chini ya kitanda, akajiona Jumatatu asubuhi na chaki mkononi. Yamekwisha, alijiambia.

Lakini Nchagwa naye alisimama, na Nchagwa akisimama mwanga wote wa projekta unampiga mgongoni. "Mzee amesema ukweli," alisema. "Hata sisi tunafanyanga hivyo hapo chini. Unasikia kama hiyo udongo imeshika ama inataka kukuja. Bonface, rudisha nyuma. Hatujaona hii kitu."

Bonface alimtazama Dorine. Dorine akaitikia kwa kichwa, akakiweka kipaza sauti mapajani.

Orina akapiga magoti tena. Kiganja, sikio, macho. Safari hii banda zima lilikaa kimya, na katika kimya hicho Dorine alisikia kitu ambacho mara sita alikuwa amekifunika kwa mdomo wake: ndani sana ya ardhi, tone moja la maji. Kisha lingine. Watu waliovuta pumzi hawakuzitoa. Panzi alipanda kiatu, na mtoto mmoja aliyeanza kusema "panzi" alizibwa mdomo na mama yake. Dorine aliona aibu tena, aibu ya namna nyingine, ya mtu aliyewapitisha wageni mbele ya chakula kizuri akiwaambia hapana kitu.

Kisha Orina akafumbua macho, akaelekeza kinywa kisimani, akasema neno moja la Kijapani. Maandishi yalisema kwa Kiingereza kwamba amekuja. Dorine alikiinua kipaza sauti. Nimekuja? Nimefika? Yote mawili yalikuwa sahihi, na yote mawili hayakuwa na ladha.

Kutoka benchi la nyuma, kwa sauti ndogo ambayo isingesikika siku nyingine yoyote, baba yake alisema, "Hodi."

"Hodi," Dorine alisema kipazani.

Na watu wa Macalder, wachimbaji, akina mama wa samaki, watoto wa miaka sita, wakajibu wote kwa pamoja, bila kufikiri, maana ndivyo walivyolelewa: "Karibu!"

Orina akashuka.

Kuanzia hapo Dorine alisema machache. Filamu haikuhitaji mengi. Maji yalipopanda mwishoni, Rispa na mzee walikunywa kwa kupokezana kikombe kimoja cha bati, na katuni ikawaacha wanywe mpaka wakashiba. Nchagwa alijipangusa uso akalaumu vumbi. Kisha majina ya waliochora yakaanza kupanda kwenye shuka, mengi kama wageni wa harusi, na wimbo wa polepole nyuma yake.

Mlango wa mabati ulifunguka, jua likaingia, ukafungwa. Benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Alikuwa ameondoka. Hakusema kizuri wala kibaya, ameondoka tu, na Dorine aliijua maana ya ukimya wa baba yake kuliko maana ya maneno yake. Alikaa pale akiyatazama majina yasiyosomeka. Hakumlaumu. Alimwonea huruma hata, kwamba ametoka Ndhiwa mpaka mahali palipommezea mdogo wake kwa ajili ya kuketi kwenye benchi gumu. Bonface alinyoosha mkono azime.

Mlango ukabishwa. Mara tatu, polepole, kwa kichwa cha fimbo.

"Hodi hapa."

Hakuna aliyejibu. Watu walikuwa wamegeuka wakimtazama Dorine, wakijua, nadhani, kwamba hii si yao.

"Karibu, Baba," alisema.

Mzee Joash aliingia akiwa ameshika kofia mkononi. Hakwenda kuketi. Alizungumza Kiswahili, ili wote wamwelewe, na alikuwa akiitazama shuka badala ya binti yake.

"Zamani hapa kwetu hakuna mtu alikuwa anashuka bila hodi. Unasikiliza, unabisha, ndiyo unashuka. Siku ya Tony tulikuwa na haraka." Aliigeuza kofia mkononi. "Miaka ishirini na mbili sijaambia mtu hiyo maneno. Sasa huyo Mjapani ameijua namna gani?"

Aligeuka akamtazama Bonface.

"Mwanzoni nilikuwa natafuta makosa," mzee aliendelea. "Sikuona vizuri. Rudisheni mwanzo."

Banda likalipuka kwa makofi, na Bonface, aliyekuwa na filamu ya ngumi iliyongoja saa kumi, akatazama saa yake, akatazama mabega ya Nchagwa, akarudisha mwanzo. Watu wakasogea, mzee akapewa nafasi benchi la mbele kati ya watoto, akaketi hapo na magoti yake marefu, karibu kabisa na mwanawe.

"Na Ndhiwa, Baba?" Dorine aliuliza chini chini, kwa Kijaluo.

"Nitampigia mwalimu mkuu," mzee alisema. "Nitamwambia una kazi, nyara, binti yangu."

Mlima ukatokea tena kwenye shuka, na kijiji, na msichana anayekimbia barabarani na ndoo tupu. Dorine alikiinua kipaza sauti. Kisha akakishusha mapajani. Rispa akafika kwa mzee, akashika shati, akasema yake yote kwa Kijapani bila mtu kumgeuzia neno.

"DJ!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Stima imepotea?"

"Nyamaza wewe," Nchagwa alisema. "Anasikiliza."