Rivasi ya Cedric Tattersall

Macho hayana pazia, na kwenye kiwanja cha Nesta, huku rasi ya Llŷn, hakuna anayejaribu kuyawekea. Nesta anafuga kondoo, na kona moja ya shamba lake, inayotazama bahari, ameiachia karavani tano tu, vile vijumba vya likizo vinavyovutwa na gari. Gari likiingia getini likivuta karavani, sisi tuliokwisha tulia tunatoka na vikombe vyetu vya chai, tunakaa kwenye viti vya kukunja na kujifanya tunatazama bahari. Bahari haitazamwi na mtu. Tunatazama rivasi.

Hujaona ndoa ikitikisika mpaka uone mume anarudisha karavani kinyumenyume na mke amesimama nyuma anamwelekeza. Tela lina ukaidi wake: ukikata usukani kulia, mkia unakwenda kushoto, na ukijisahau kidogo umeshaupanda ukuta wa mawe. Mke anapunga mikono yote miwili, mume kwenye kioo anauona mmoja, tena ule usiohusika. Maneno yanayotoka hapo hayasemwi kanisani. Mwaka fulani mimi na Idwal wangu tulinuniana likizo nzima kwa ajili ya rivasi, na karavani yetu ni ndogo, mtu akigeuka kitandani anakupiga kiwiko. Mwiko ni mmoja tu: humsaidii mtu mpaka aombe, au mpaka agonge. Akigonga, basi wote tunaweka vikombe chini, tunakwenda kumsukuma kwa mikono, na aibu yake anaila na chakula cha jioni.

Sasa, Mei ile wakaingia Cedric na Noreen Tattersall, kutoka Lancashire.

Noreen alishuka kwanza, mwanamke mwembamba aliyeshavuka sabini, kavaa koti la mvua la manjano. Akazunguka kiwanja chote. Akawaomba watoto wa familia ya jirani wakae kwenye ngazi yao, akaniomba na mimi nimfunge Pwdin, mbwa wangu. Kisha akasimama nyuma ya karavani, mkono mmoja mfukoni. Mfukoni! Mkono wa pili ulishika redio koli, akawa anaongea nayo kwa sauti ndogo. Nilitega sikio.

"Kushoto. Kidogo. Nyoosha. Rudi, rudi, rudi. Basi."

Cedric ndani ya gari hakugeuza shingo, wala hakutupa jicho kwenye kioo. Alitazama mbele tu, kama mtu anayesikiliza mahubiri. Na ile karavani ikaingia kati ya ukuta na bomba la maji mara moja tu, bila kusita, ikatulia sambamba kabisa na ukuta.

"Huyo si dereva, huyo ni mchawi," alisema Idwal.

"We Idwal, umemwona mkewe?"

"Ana nini mkewe?"

"Hatumii mikono."

"Anayo miwili, nimeiona. Kunywa chai yako, Menna."

Chai ilishapoa. Mimi ni mdaku, sikatai. Wenzangu huokota kome ufukweni, mimi huokota habari, na hii ilikuwa mbichi. Mtu gani anarudi kinyumenyume bila kutazama nyuma?

Nikaanza kupita karibu nao, kila safari na sababu yake: maji, takataka, mbwa. Nikagundua kwamba Noreen akimwekea mumewe kikombe mezani, anagonga meza kwa ukucha, na mkono wa Cedric unaufuata ule mlio moja kwa moja. Nikagundua kwamba nikipita kimya hanisalimu, lakini Pwdin akibweka tu, mzee anachangamka: "Habari za asubuhi, Menna!" Na akienda bombani, kiganja chake kinapapasa ubavu wa karavani mpaka mwisho, halafu anahesabu hatua midomo ikimchezacheza.

Siku ya tatu nikamtegea mtego. Niliwapelekea mkate wa zabibu, nikaketi, tukapiga soga. Cedric alikuwa mcheshi, alituchekesha kwa visa vya lori la mikate aliloendesha maisha yake yote. Mbingu ilikuwa nyeupe, hata wingu la kusingizia halikuwepo. Nikanyoosha kidole kuelekea mlimani.

"Upinde wa mvua huo! Unapendeza, eti?"

"Unapendeza kweli," alisema Cedric, ameelekeza uso huko nilikosema. "Rangi zake zote."

Noreen aliacha kukata mkate. Alinitazama, na mimi nikatamani ardhi inimeze, maana mzee wa watu alikuwa ananistahi tu, hakutaka kunikatalia. Lakini nilipofika kwetu, aibu ilikuwa imeshageuka kitu kingine. Mtu yule haoni. Jumamosi atatoka hapa na karavani nzima nyuma yake, ashike kile kinjia chembamba chenye kona, na Jumamosi hiyohiyo binti yangu Lowri anakuja kwa njia hiyohiyo na wajukuu zangu wawili kwenye kiti cha nyuma.

"Huna uhakika," alisema Idwal.

"Nina uhakika wa upinde wa mvua, Idwal!"

"Basi waambie polisi."

Nilishika simu nikaiweka chini mara sijui ngapi. Hasira nilikuwa nayo, hasa juu ya Noreen. Cedric labda kiburi kinamdanganya, nilisema, lakini mwanamke mwenye macho mawili anamruhusuje? Mwishowe nikaamua kwamba nitawakabili mwenyewe, na wakinibishia tu, ninapiga.

Jumamosi asubuhi nilivaa koti la Idwal juu ya nguo ya kulalia, nikamchukua Pwdin, nikaenda kujibanza kwenye kona ya banda la nyasi la Nesta, pale njia ya shamba inapokaribia kukutana na barabara. Huko nyuma niliwasikia wenzangu wakiwapungia kwaheri. Gari likaja polepole, Cedric kwenye usukani, Noreen pembeni midomo inasema. Nilikuwa nimeshainua mguu nijitupe mbele yao.

Gari likasimama. Nyuma ya banda, mahali ambapo kutoka kiwanjani huoni kitu.

Mlango wa Noreen ulifunguka, akashuka. Na Cedric akashuka. Akazunguka mbele ya gari, kiganja juu ya boneti, taratibu, na Noreen akapita upande wa pili akaketi kwenye usukani. Akasogeza kiti mbele. Akarekebisha kioo. Akajifunga mkanda kama mtu aliyefanya hivyo mara mia.

Pwdin akabweka.

Cedric aliganda, mkono umebaki kwenye boneti. "Huyo Pwdin," alisema. "Menna? Uko hapo?"

"Nipo," nilisema. Nikatoka kwenye kona ya banda.

Noreen alitoka mbio, uso umemwiva. "Usipige simu. Nakuomba. Tangu mwanzo ni mimi ninayeendesha barabarani, haki ya Mungu. Nilijifunza uzeeni, nikafeli mara mbili, nikafaulu ya tatu. Kutoka kwetu mpaka hapa ni mimi. Yeye anashika kwenye shamba tu."

"Sasa kwa nini mnajificha kama wezi?"

"Rivasi," alisema. "Kwenda mbele naweza. Kurudi nyuma na lile dude, siwezi kabisa, mikono inakataa. Na yeye haoni."

"Naona mwanga," alisema Cedric. "Naona kwamba kuna mtu, sioni ni nani. Yeye ana macho, mimi nina mikono. Tukijumlisha tunapata dereva mmoja mzuri."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na yeye akacheka kidogo.

"Menna, gazeti limekwenda. Karata zimekwenda. Mjukuu wetu wa mwisho sijui amefanana na nani, naambiwa tu. Lakini nikiingia kiwanjani nasikia viti vinakunjuliwa. Nasikia watu wanakaa kimya. Wakijua, hawatakaa kimya tena. Watakuja wote, wema watupu, wanisukume kama kitanda cha hospitali." Alipapasa boneti kana kwamba anamtuliza farasi. "Niachie hili moja."

"Tulikwisha ambiwa habari zako," alisema Noreen. "Kwenye kiwanja tulichokaa mwaka jana walisema, ukitaka jambo lifike Liverpool kabla ya chakula cha mchana, mwambie Menna wa kwa Nesta."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Nilisema, "Huu upinde wa mvua sikuuona," na ndiyo ahadi pekee niliyoweza kuitoa bila kulia. Noreen alinikumbatia. Waliondoka, Noreen akipinda ile kona vizuri kuliko Idwal, na saa ya chai Lowri akafika na watoto salama.

"Vipi?" Idwal aliuliza.

"Nilikosea," nilisema.

Idwal alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jamani, ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulifanya kazi ya mifupa majira yote yale. Nilikuwa na habari tamu kuliko zote nilizowahi kuokota na sikuwa na pa kuitua. Nesta akiuliza, "Hivi yule mchawi wa rivasi atarudi lini?" nilikuwa ninatia mkate mdomoni ili nisijibu.

Walirudi Septemba. Siku hiyo upepo ulikuwa unatoka Ireland bila kupumzika, turubai zote zinapiga makofi. Mimi na Idwal tulikuwa tumepanga palepale pembeni ya nafasi yao, na kwenye nafasi ya mbele alikuwepo kijana mmoja mgeni anayeitwa Gavin, mwema mno, aina ya mtu anayekufungulia mlango wako mwenyewe. Vikombe vilishikwa. Noreen alizunguka na koti lake la manjano, watoto wakakaa kwenye ngazi, mbwa wakafungwa. Akaenda nyuma, akainua redio koli.

Karavani ilianza kurudi. Kisha ikasimama katikati, mkia umeelekea ukutani.

Nilimtazama Noreen. Alikuwa anabonyeza ile redio, anaitikisa, anabonyeza tena. Imezima. Aliita, lakini sauti yake ni ndogo, na upepo ukaibeba juu kwa juu mpaka kwa kondoo. Ndani ya gari Cedric alishusha kioo, akatoa kichwa kidogo, sikio mbele. Uso wake ulikuwa umepauka. Alisubiri, na kila mtu alisubiri naye.

"Mzee amekwama," alisema Gavin, akaweka kikombe chini. "Twendeni tukamsukume." Na wengine wakaanza kuinuka.

Idwal wakati huo alikuwa amebeba meza yetu, anatafuta mahali pasipo na upepo.

"IDWAL!" nilipiga kelele.

Idwal huwa anasema sauti yangu inasikika Ireland. Siku hiyo niliituma huko kwa makusudi. Kiwanja kizima kiligeuka. Gavin akasimama, mguu mmoja mbele.

"Hiyo meza umeiweka wapi? Rudi nayo nyuma!"

"Nyuma wapi?"

"Nyuma! Kushoto! Kidogo, nimesema kidogo, husikii?"

Idwal alipiga hatua kushoto, meza kifuani, macho yamemtoka. Na pembeni yangu injini ilinguruma, magurudumu ya mbele yakageuka, mkia wa karavani ukaacha ukuta.

"Nyoosha!" nilipiga kelele. "Mwanaume gani wewe huwezi kunyoosha! Rudi! Rudi, rudi!"

"Menna, nyuma yangu kuna upupu!"

"Rudi, rudi!" Machozi yalikuwa yananitoka, watu wakadhani ni hasira. Mtu mmoja alisema, "Maskini Idwal." Karavani ilipita bomba, ikapita kona ya ukuta, polepole, inalifuata neno langu kama mkono unavyofuata ukucha mezani. "Rudi… rudi… BASI!"

Ikasimama. Kati ya ukuta na bomba, sambamba, palepale pa Mei.

Kiwanja kilikuwa kimya. Gavin alikiokota kikombe chake taratibu. "Nyinyi mmemwona huyo baba?" alisema. "Na ugomvi wote ule masikioni mwake!"

Idwal alikuwa ndani ya upupu mpaka magotini, meza bado kaikumbatia. Alinitazama mimi, akaitazama karavani, akamtazama Noreen aliyefunika mdomo kwa redio koli iliyozima. Nilimwona anafungua kinywa kuuliza. Akakifunga.

Cedric alishuka. Alisimama wima, akavua kofia, akaliinamia bomba la maji kwa heshima zote.

Nikakohoa.

Akageuka kunielekea, kofia iko mkononi, akainama upya.