Neno la Tatu

Binti yangu hunifungia ndani. Nalisema hivyo hivyo, bila kulipamba. Saa moja asubuhi anaondoka kwenda kiwandani anakoshona mashati, anavuta mlango wa nondo, anazungusha ufunguo mara mbili. Mimi nabaki ghorofa ya nne na fimbo yangu, na siku ambazo hakuna shule nabaki na mjukuu wangu pia.

"Baba, si kwamba sikuamini," husema kupitia kwenye nondo. Ndivyo wasemavyo wote wasiokuamini.

Sababu nimempa mwenyewe, sikatai. Mara ya kwanza nilitoroka, nikarudi baada ya wiki tatu. Mara ya pili niliteleza nikipanda lori, nyonga ikavunjika, nikaletwa nimebebwa kama godoro. Kabla ya hapo sikuwahi kukaa mji mmoja zaidi ya mwaka. Nimekuwa tingo wa malori, nimepakua meli, nimelinda maghala. Shule nimesoma vipande vipande, miezi mitatu hapa, muhula pale, na mengine nimeyasoma kwenye magunia na migongo ya malori. Sasa nazijua nondo za mlango ule moja moja. Ya tano kutoka kushoto imepinda.

Mjukuu huyo wa kike ana miaka tisa. Tunamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake hauna breki. Lakini kuongea ni kitu kimoja na kuandika ni kingine: kwenye imla alikuwa anakula herufi kama mchwa. Mwalimu aliandika kwenye daftari kwamba apewe mazoezi nyumbani. Binti yangu akanigeukia. "Baba, hiyo kazi yako. Si unashinda umekaa?"

Basi nikawa fundi wa mafumbo. Nachora miraba kwa rula, kumi na miwili kwa kumi na miwili. Naficha maneno, mengine yamelala, mengine yamesimama, mengine yamekwenda mshazari, halafu nafasi zilizobaki nazijaza herufi za ovyo. Orodha simpi. Chini naandika idadi tu, ili asome kila kona. Na siku nikitaka kusinzia mchana naandika manane huku nimeficha saba. Hapo nyumba hutulia kabisa.

Maneno niliyachukua kwangu: turubai, boharia, winchi, kivuko, forodha. Akilipata moja ananidai maana yake, nami nikimweleza ninakuwa nimetoka nje kidogo. Imla ya juzi alipata kumi na saba kwa ishirini. Aliibandika kwenye friji.

Ijumaa akanipigia simu Kipara, dereva niliyekula naye vumbi miaka mingi.

"Mzee mwenzangu, bado uko kifungoni?"

"Bado."

"Kesho saa mbili na nusu napita hapo chini kwenu. Napiga honi tatu. Kiti cha pembeni kiko kitupu. Nasubiri dakika tano, zaidi ya hapo tusilaumiane."

Sikulala vizuri. Ufunguo wa pili umo humu humu ndani, umefichwa kwa dharura ya moto, na anayejua ulipo ni Chiriku peke yake.

Jumamosi, mama yake alipoondoka tu, nikamkalisha mezani.

"Chiriku, mama mkubwa, ufunguo uko wapi?"

"Nilimwapia mama sitasema."

"Nani kakwambia useme? Nichoree fumbo. Kuchora si kusema."

Alinitazama kama karani wa forodha anavyotazama mzigo uliofungwa vizuri kupita kiasi. "Haya. Nipe rula."

Alichora muda mrefu, ulimi nje. Kisha akanisukumia karatasi. Chini ameandika: maneno matatu.

La kwanza nililiona upesi, limesimama pembeni: JIKONI. La pili likanichelewesha, limekwenda mshazari: KOPO. Nikachechemea hadi jikoni. Makopo yako kumi na moja kwenye rafu. Nikafungua la unga, la sukari, la majani ya chai, la maharage, mpaka la kumi. Nikatia mkono hadi kiwiko. Hakuna kitu.

"Mbona unapekua?" akauliza kutoka mezani. "Tafuta neno la tatu."

Nikarudi. Nikasoma mstari kwa mstari, kwenda na kurudi, juu na chini. Miraba ikaanza kucheza. Kila nikiinua macho niyapumzishe nakutana na nondo.

Honi ikalia. Mara tatu.

"Chiriku, nipe herufi ya kwanza tu!"

"Wewe hujawahi kunipa."

Nikaanza upya toka juu. Nikasikia injini ikikoroma kule chini, ikangoja, kisha gia ikaingia. Lori lina mlio wake likiondoka. Naujua.

"Neno la tatu liko wapi?" nikamuuliza.

"Halimo."

"Halimo!"

"Jumamosi iliyopita uliniandikia manane. Nilitafuta mpaka mama akarudi, na wewe unakoroma." Akainama, akavua soksi. Ufunguo ukadondoka mezani. "Babu, mimi ningebaki na nani mpaka jioni?"

Nilikuwa nimepanga kila kitu: begi, fimbo, bega lake la kunishusha ngazi. Jinsi atakavyopanda kurudi peke yake sikuwa nimepanga.

Nikachukua ufunguo, nikafungua. Nikasimama barazani, nikizitazama ngazi mpaka nyonga ikanikumbusha. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyozihesabu nikiwa ndani. Chiriku hakunifuata. Nilimsikia akikwangua penseli.

Nikarudi, nikafunga mwenyewe, mara mbili. Nikaenda jikoni nikautumbukiza ufunguo kwenye kopo la mwisho, lile ambalo sikuwahi kulifikia.

"Andika," nikamwambia. "Neno la tatu ni chumvi."

Akaandika, hakuruka herufi hata moja.