Kapasita ya Pili

Siku ya Jumanne, Baba alivuka barabara kwenda kunywa chai na hakurudi. Moyo wake ulisimama akiwa bado ameshika kikombe. Jioni ndipo nilipokumbuka chuma chake cha kulehemu. Nilikikuta mezani bado cha moto, kando ya amplifaya ya mteja wetu, Mwalimu, iliyokuwa wazi tumbo.

Wiki mbili baada ya mazishi, baba mdogo alikuja kwenye karakana ya Baba akiwa ameshaamua.

"Chumba hiki tumpe muuza viatu. Vitu vya watu virudishwe."

"Niache nimalize hii moja, Ba'mdogo. Ikilia, karakana niachie mimi."

"Wewe si ulikuwa unamshikia tochi tu?" Alicheka, kisha akavuta kigoda. "Haya. Mwalimu anaifuata saa sita. Isipolia, ufunguo nauchukua."

Ilikuwa saa nne.

Kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zilikuwa zimevuja. Baba alishazing'oa na kuzitupia kwenye kifuniko cha kopo. Hakuandika zilikaa zikielekea wapi. Hakuwahi kuandika, kila kitu kilikaa kichwani mwake. Majimaji ya kapasita yalikuwa yameila bodi: alama za chanya na hasi zilifutika, njia mbili za shaba zikaoza kijani.

Nilikwangua kwa wembe mpaka shaba ikang'aa, nikafuta kwa spiriti, nikaunga palipokatika kwa unyuzi wa waya. Kisha nikapachika kapasita mpya. Upande wenye mstari, yaani hasi, niliuelekeza kwenye njia ya katikati, zote mbili, kama nilivyozoea kuona kwenye redio.

"Hizi zikigeuzwa si hupasuka?" baba mdogo aliuliza.

"Hupasuka."

Akasogeza kigoda mpaka mlangoni. "Endelea, mwanangu. Nakupenda kutokea huku."

Baba hakuwahi kuwasha kitu moja kwa moja. Umeme aliupitisha kwanza kwenye balbu. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, salama. Ikibaki kali, zima haraka. Nikabonyeza swichi.

Iliwaka kali. Ikabaki kali.

Nilichomoa waya. Kapasita ya pili ilikuwa ya moto, kichwa kimeanza kuvimba. Saa tano na nusu.

"Basi, mama," baba mdogo aliniambia. "Umejitahidi."

Nilifuata njia za shaba kwa mita ya kupimia umeme, moja moja, kuanzia kwenye transfoma. Redio zetu zina umeme wa upande mmoja. Hii ilikuwa na pande mbili, mmoja juu ya katikati na mwingine chini yake. Kwa hiyo ile ya pili, chanya yake ndiyo ya kukaa katikati. Baba angejua bila kutazama.

Kwenye droo ilibaki kapasita moja tu. Niliilehemu mahali pa ile iliyovimba, chanya ikielekea katikati.

Mwalimu akatokea mlangoni. "Mbona kimya? Kwema?"

"Usiingie kwanza," baba mdogo alimwambia. "Humu kunalipuka."

Nikabonyeza. Balbu iliwaka, ikafifia, ukabaki uzi mwekundu tu. Nilihesabu mpaka sitini. Nikaunga spika na redio, na mtangazaji wa habari akaanza kusema, upande wa kushoto kwanza, kisha pande zote mbili.

Baba mdogo alijifuta uso kwa kiganja, akatoka. Ufunguo hakuuchukua.

Sasa nafungua mimi, saa mbili asubuhi. Wateja wakimuulizia Baba nawaambia amefariki, kisha nawauliza wameleta nini.