Mzazi wa Mwanafunzi

Glory, binti wa mauzo katika duka la kompyuta mjini Lushoto, aliposikia kwamba mwanafunzi amekuja kununua mashine ya ofa, alichungulia nyuma ya mteja wake kumtafuta huyo mwanafunzi. Nyuma hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mlango tu, na nje ya mlango ile bodaboda iliyomleta mteja huyo, Mwanahamisi, kutoka kijijini Kwai, imejaa tope mpaka kwenye taa.

"Shikamoo mama. Mwanafunzi mwenyewe umemwacha wapi?"

"Marahaba. Mwanafunzi ni mimi."

Glory alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Mwanahamisi alikuwa na miaka arobaini na tisa, mjane, mkulima wa karoti na kabichi, na kwa muda mrefu alikuwa anakaimu ukatibu wa chama chao cha wakulima wa mboga. Kukaimu huko ndiko kulikokuwa kumemchosha. Kazi zote zake, lakini cheo si chake, na sasa wakubwa walikuwa wamesema katibu lazima awe na cheti cha ushirika, asiye nacho apishe wenzake. Basi akajiandikisha katika chuo kimoja kidogo kinachofundisha Jumamosi katika madarasa ya kuazima hapo Lushoto, akabanana kwenye dawati na watoto wa rika la mwanawe, na muhula wa kwanza akafaulu. Muhula wa pili chuo kikatangaza kwamba kazi zote zichapwe kwenye kompyuta na kutumwa kwa barua pepe. Ya mkono haipokelewi. Asiyetuma hafanyi mtihani.

Ukutani mwa duka lile palibandikwa tangazo: kompyuta pamoja na programu ya kuandikia, punguzo la theluthi nzima kwa wanafunzi. Fedha za karoti zilitosha bei ya mwanafunzi. Bei ya watu wengine hazikuisogelea.

Akatoa kitambulisho cha chuo chenye picha yake, ushungi na yote. Glory akakigeuzageuza, akakaa kwenye mashine yake, akatafuta jina la chuo katika orodha ya vyuo iliyowekwa na wenye programu. Halikuwamo.

"Una barua pepe ya chuo, mama?"

"Chuo hakitupi. Natumia ya kwangu."

"Ya kwako haikubali. Halafu kuna barua ya mzazi."

"Ya nani?"

"Mzazi au mlezi. Athibitishe kwamba mtoto anasoma kweli. Bosi ameweka hivyo kwa sababu watu walikuwa wanadanganya, wananunua kwa punguzo halafu wanakwenda kuuza."

"Binti yangu, wazazi wangu walikufa wewe hujazaliwa. Nikamfufue yupi aje kunithibitisha?"

Glory akampa pole, na pole yenyewe aliisema kwa upole wa kutosha, ila utaratibu ndio huo. Mwanahamisi alitoka pale akapanda bodaboda kurudi Kwai. Angeitwa mwongo, angebishana mpaka soko zima lije kuangalia. Sasa utabishanaje na mtu anayekukubalia kila unalosema, halafu anakwambia mashine yake haina nafasi ya mtu kama wewe?

Nyumbani alimkuta Yusuph, mwanawe, amelala kwenye kochi na simu. Yusuph alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliopita na tangu hapo alikuwa anatafuta kazi, zaidi akiwa amelala. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, akatabasamu.

"Mama, kwani shida iko wapi? Kitambulisho changu kinaisha Desemba. Na barua pepe ya chuo hawajanifungia mpaka leo."

"Wewe si mwanafunzi."

"Ndiyo. Lakini wao hawajui."

"Mgosi," akamwita kwa Kisambaa, kama mwanamume mzima, "huo ni wizi."

"Wizi wa nini? Punguzo ni la mwanafunzi. Mwanafunzi ni wewe. Kompyuta utaitumia wewe. Tunaingia dirishani tu kwa sababu mlango wameufunga."

Maneno yalikuwa matamu, na mabaya zaidi ni kwamba yalikuwa na ukweli ndani yake. Mwanahamisi aliyakataa usiku ule, akayakataa na kesho yake alipokuwa anapalilia. Akapiga simu chuoni kuomba wamwandikie duka barua, akaambiwa atapigiwa. Hakupigiwa. Siku ya kutuma kazi ikawa inakuja mbiombio, na yeye hana hata pa kuanzia kuandika. Mwisho akasema, haya twende.

Safari hii duka lilikuwa na adabu zote. Yusuph alitaja chuo chake, kikaonekana. Akaingiza barua pepe yake, ikakubaliwa. Glory akamwita kaka na kumwuliza anasomea nini. "Uhasibu," akajibu Yusuph bila kupepesa jicho. Mwanahamisi alisimama kando na kipochi chake kama aliyesindikiza watu.

"Mama, wewe utasaini hapa," Glory akasema, akimsukumia karatasi.

Ilikuwa imeandikwa tayari. Mimi, mzazi wa mwanafunzi Yusuph Rashidi, nathibitisha kwamba mwanangu anasoma. Chini palikuwa na mstari wa saini. Mwanahamisi aliinua macho akamtazama Glory usoni, kwa maana binti yule hawezi kuwa amemsahau. Glory akageukia printa, akaanza kupanga karatasi ambazo hazikuhitaji kupangwa.

Yusuph akamgusa kiwiko. Mwanahamisi akasaini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na juu ya aibu hasira: wa kweli amefukuzwa, wa uongo amekaribishwa kiti, na shahidi wa uongo ni yule yule wa kweli.

Lakini kompyuta ilikuja nyumbani, na kazi ikaandikwa. Swali lilitaka mwanafunzi aeleze namna kikundi kinavyoamua nani anastahili faida yake. Hilo halikuhitaji kitabu. Aliandika habari za mfereji wao wa maji, unaosafishwa kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kila mwaka kabla ya kiangazi, ambapo kila nyumba inatoa mtu wa kuchimba na asiyechimba hapewi zamu ya maji. Akaeleza kisa cha jirani yao Abdulaziz, ambaye siku moja jina lake lilipoitwa aliitikiwa na shemeji yake, na yeye mwenyewe yuko mnadani. Ilipojulikana, kamati ilimnyima maji msimu mzima, hata kwa zile siku alizochimba kweli. Abdulaziz alilalamika sana. Aliyesimama kumjibu mbele ya watu alikuwa Mwanahamisi: ukishaitikiwa mara moja, sisi tutajuaje siku nyingine ulikuwa wewe? Aliandika kisa hicho kwa vidole viwili, taratibu, na kwa kweli kilimpendeza. Akatuma.

Mwalimu Martin wa chuoni akapiga simu. Alikuwa kijana bado, na shikamoo yake haikukosekana hata alipokuwa na jambo baya la kusema.

"Kazi ni nzuri, mama. Nzuri kupita zote. Ila faili linaonyesha mwandishi ni Yusuph Rashidi. Huyo ni nani?"

"Ni mwanangu. Kompyuta imeandikishwa kwa jina lake tu. Nimeandika mwenyewe, mwalimu, neno kwa neno."

"Basi Jumamosi njoo na karatasi za dukani. Nikiona kompyuta ni yako, yameisha."

Yusuph alimshauri aseme karatasi zimepotea. Mwanahamisi akamwambia anyamaze, ushauri wake umetosha mwaka huu. Jumamosi akaenda na bahasha, akaiweka mezani mwenyewe kabla hajaambiwa.

Martin alisoma risiti, akasoma barua, akairudia barua.

"Hapa umesaini kwamba mwanafunzi ni Yusuph."

"Hapo nilisema uongo. Yusuph alishamaliza. Mimi walinikataa, mwalimu! Nilikwenda na kitambulisho changu cha halali, nikaambiwa nilete mzazi. Mimi! Na nyie nikawapigia simu hamkunijibu. Mlitaka nifanye nini?" Sauti ilikuwa imempanda, na wenzake darasani waligeuza shingo. "Kule nilidanganya. Kwenye kazi ile sijadanganya hata nukta."

Martin alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo lilimuudhi Mwanahamisi, kwa sababu angependa awepo hapo mtu mbaya wa kumkasirikia.

"Mama, ukurasa wa tatu umeandika habari za bwana Abdulaziz," akasema taratibu. "Kama ni wewe uliyeandika, basi unajua ninachotaka kukuuliza."

Alijua. Alikuwa amekisema kwa mdomo wake, amesimama juu ya ukingo wa mfereji, watu wakampigia makofi. Akakumbuka uso wa Abdulaziz siku ile, ulivyokuwa na jambo la kusema na pa kulisemea hapana.

"Nitakusaidia ninavyoweza," Martin akasema. "Kaa pale mbele. Utaandika upya, swali lile lile, mimi nakuona."

"Kompyuta nimeiacha nyumbani."

"Haihitajiki. Andika kwa kalamu."

Mwanahamisi alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania, alikuwa tayari anachana karatasi mbili kutoka kwenye daftari lake. Akazipokea, akaenda kukaa kwenye dawati la mbele. Juu kabisa, mahali pa jina la mwanafunzi, akaandika Mwanahamisi kwa herufi kubwa, akiikandamiza kalamu mpaka jina likatokea na kwenye karatasi ya chini.