Sarafu Iliyosuguliwa kwa Jivu

Witness alikuwa ameshaosha masufuria, vikombe na mfuniko wa birika, na kwa kuwa jivu na limau vilibaki, akasugua na sarafu ya mama mkwe wake. Alikuwa ameolewa Unyambwa majuzi tu akitokea Kiomboi, kwenye nyumba ya wazazi ambako chombo kisichong'aa ni aibu ya mwanamke. Sarafu ilikuwa na kutu ya kijani. Aliipaka jivu, akaikamulia limau, akaisugua kwa kipande cha gunia mpaka kutu yote ikatoka. Mwanamke aliyechorwa juu yake akatoka pia.

Magreth, mama mkwe wake, aliporudi kutoka shambani alimkuta mgeni kando ya banda la kuku: mwanamke mrefu aliyejifunga shuka jeupe lenye mikunjo mingi, mkono mmoja ameshika mizani ya sahani mbili, mwingine ameshika pembe kubwa ya kuwekea matunda. Matunda yenyewe kuku walikuwa wameshayamaliza.

"Nisamehe, mama," Witness alisema. "Nilidhani ni uchafu."

"Ile kutu ndiyo ngozi yake. Sasa umemchuna." Magreth aliigeuza sarafu. Upande mmoja kaisari alikuwa bado yupo na pua yake. Upande wa pili ulikuwa mtupu kama kisahani. Aliirudisha mahali pake, kisha akamletea mgeni kigoda.

Sarafu zake alizitunza kwenye trei ya mayai, kila moja na shimo lake. Alikuwa nazo za shaba na za fedha, zote za Warumi: farasi mwenye mabawa, mbwa mwitu jike akinyonyesha mapacha, mzee mwenye nyuso mbili, na ile aliyoipenda kuliko zote, dinari ya fedha yenye kichwa cha Medusa, ambaye amtazamaye hugeuka jiwe, nyoka wakiwa badala ya nywele. Alikuwa amezipata moja moja tangu usichana wake kwa mzee Prabhudas, mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye babu yake alizileta kutoka Bara Hindi. Watoto wa Prabhudas hawakuzitaka. Magreth alizitaka kwa sababu watu wa sarafu hizo walikuwa wamezikwa, wamechimbuliwa na kuvushwa bahari, na hakuna hata mmoja aliyebadilisha sura ili kumridhisha mtu.

Kesho yake alikwenda dukani na mgeni nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Deo." Prabhudas alimtazama mgeni juu ya miwani yake. "Nilikwambia zisisuguliwe."

"Ni mkwe."

"Huyu ni Ekwitasi. Kazi yake ni kupima kwa haki. Sarafu yake sasa hakuna mkusanyaji atakayeitazama, lakini yeye mwenyewe ni mzima." Alimkatia mgeni kipande cha kaniki cha kufutia mizani. "Usimkalishe bure. Mpe kazi."

Kazi ilikuwepo. Vitunguu vya Magreth vilikuwa vimekauka vizuri, vyekundu, shingo nyembamba, na siku ya soko ilikuwa karibu. Kwenye geti la soko la vitunguu kulikuwa na bango lililosema LUMBESA NI MARUFUKU, na magunia ya lumbesa yalikuwa yameegemezwa hapo hapo kwenye nguzo za bango. Gunia lilijazwa mpaka mdomoni, likashonewa kipande kingine cha neti, likajazwa tena mpaka likaota nundu. Dalali alihesabu gunia moja. Nundu hakuihesabu mtu. Hivyo ndivyo vitunguu vilivyonunuliwa tangu Magreth anamsindikiza mama yake sokoni, na mama yake alikufa akiwa na nundu zake hazijahesabiwa.

Mwaka huu Magreth alishona magunia yake bapa. Alimwambia mwanawe Deo, mume wa Witness, kwamba yatauzwa hivyo au hayatauzwa. Fedha za vitunguu ndizo zingenunua ng'ombe wa kulimia, na bila ng'ombe wangelima kwa jembe la mkono.

Alphonce, dalali mkubwa, aliyakuta magunia yamepangwa na mwanamke wa mizani amesimama pembeni.

"Mama Deo, mbona haya yamenyolewa?"

"Ndivyo gunia lilivyo."

"Sawa." Aliwaashiria vibarua wake. Walifungua gunia moja, wakachota vitunguu vya gunia la pili, wakashona nundu juu ya la kwanza. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanafanya kazi yao.

Magreth alikata kamba kwa kisu, akaibeba ile nundu na neti yake, akaiweka kwenye sahani ya mizani. Sahani ilikuwa ndogo lakini nundu ilienea. Ekwitasi aliinua mkono. Kwenye sahani ya pili, ambako hakuna mtu aliyeweka kitu, alikuwa amesimama ng'ombe dume mwekundu wa kulimia, anacheua. Magreth alimtambua kwa sikio lililochanika. Ndiye aliyemuuza mwaka juzi ili anunue mbegu. Mizani ilitulia sawasawa.

"Ndiye," alisema Deo.

Wakulima wengine walipanga foleni. Godfrey wa Sepuka aliweka nundu yake, zikaja bati, mpya, za kutosha nyumba aliyoiezeka kwa nyasi. Alizigonga kwa kidole kusikiliza geji, yaani unene wake. Eliana, mjane aliyelima jirani na Magreth, aliweka yake, likaja sanduku la shule ya bweni lenye kufuli, na jina la binti yake limeandikwa kwa rangi nyeupe. Binti huyo alikuwa hapo hapo, anachambua vitunguu.

"Kumbe lilikuwa la bluu," alisema binti, akaendelea kuchambua.

Alphonce aliangalia yote kwa subira. "Mizani yake haina kosa," alisema. "Siwezi kusema uongo. Lakini mimi nikinunua bapa, mwenzangu ananunua nundu, lori lake linajaa na langu linaondoka nusu. Mnataka nife njaa?"

"Sisi je?" aliuliza Eliana.

"Nyie mmeshazoea."

Afisa wa soko aliitwa. Alimsalimia Ekwitasi, akaikagua mizani juu na chini, akaisifu, kisha akaeleza kwamba haina stika ya ukaguzi ya mwaka huu, kwa hiyo haiwezi kupima sokoni. Nundu zikaondolewa. Kila iliyonyanyuliwa, kitu cha upande wa pili kilikwenda zake. Bati zilitoweka, sanduku likatoweka. Vibarua wakashona, lori likapakiwa. Godfrey aliuza. Eliana aliuza. Hawakumtazama Magreth usoni.

Nundu ya Magreth ilibaki ya mwisho. Dume aliendelea kucheua, Magreth akamkuna mara moja kati ya pembe. Kisha akarudisha vitunguu kwenye magunia yake mawili, dume akaenda zake, naye akashona midomo bapa kama meza.

"Utakwenda navyo wapi?" Alphonce aliuliza.

"Nyumbani. Kwetu vinafahamika uzito."

Vitunguu vilikaa kibandani. Upepo wa Singida ulivisaidia kwa muda, halafu vikaanza kuota majani. Ekwitasi alipima unga wa ugali kwa kila mtu, na hakuna aliyepunjwa, ingawa unga wenyewe ulikuwa unapungua.

"Mama, tutakula hasira?" Deo aliuliza.

"Itatutosha, kama huyu ndiye anayeipima," alisema Magreth.

Jioni hiyo alichukua trei. Aliishika dinari ya Medusa muda mrefu. Alijua kwamba akiisugua hatakuwa nayo tena, na Prabhudas alishamwambia nyingine kama hiyo hana. Akamwita Witness alete jivu na limau.

Kwa kuwa sarafu ilikuwa na kichwa tu, kilitoka kichwa tu. Magreth alikifunika kwa khanga mapema, ila jogoo mmoja alikuwa ameshachungulia akageuka jiwe. Deo alimtumia kukandamizia turubai. Nyoka walikunywa maji kwenye kibakuli cha kuku na hawakusumbua mtu.

Siku ya soko iliyofuata Magreth alipanga magunia yake bapa mbele ya geti. Juu ya gunia la kwanza, mahali ambapo wengine walishona nundu, alikiweka kichwa, uso ukielekea walikosimama madalali. Ekwitasi alisimama upande mmoja, yeye akakaa upande wa pili. Kisha akavuta khanga.

Madalali wote walikuwa wamevaa miwani ya jua. Habari zilikuwa zimewahi kufika, na muuza miwani wa stendi alikuwa amemaliza mzigo wake tangu alfajiri. Waligeukia upande mwingine, wakanunua wakiwa wamekipa kichwa mgongo. Neti zilishonwa, nundu ziliota, malori yalijaa mpaka juu. Mbwa mmoja aligeuka jiwe karibu na bango, na akina mama wakaweka ndoo zao juu yake.

Mchana Alphonce alipita kinyumenyume, kwa adabu, akiwa na miwani yake.

"Mama Deo. Bado tu?"

"Bado."

"Vinaoza hivyo."

"Vinaoza vikiwa bapa."

Alphonce aliitikia kwa kichwa, akaenda zake kwenye lori. Magreth alifungua fundo la khanga yake, akatoa kipande cha limau, jivu kidogo kwenye karatasi, na sarafu ya mbwa mwitu jike. Aliitazama kwa mara ya mwisho, mapacha na meno na yote. Akaanza kusugua.