Rezista Niliyoiacha

Sumaku ilikuwa mkononi mwangu, mbali kabisa na swichi, na taa bado inawaka.

Nikaikodolea macho. Mezani, kwenye karakana ya kiwanda, nilikuwa na sakiti ya pili niliyokuwa nikiijaribu mara kwa mara, pacha wa ile niliyoifunga wiki iliyopita kwenye kichanganyio kikubwa cha sabuni. Swichi yenyewe ni kichupa chembamba cha kioo chenye vijiti viwili vya chuma ndani. Mfuniko wa mashine ukifungwa, sumaku iliyobandikwa juu yake huvivuta vijiti vigusane, na mashine inaruhusiwa kuwaka. Mfuniko ukifunguliwa, vijiti huachana na mashine inakataa. Sasa nilikuwa nimeondoa sumaku, na vijiti havikuachana.

Nikagonga kioo kwa ukucha. Taa ikazimika.

Nilijua kosa kabla sijashika kipimo, na hilo ndilo lililoniuma. Mashine ile inatetemeka, kwa hiyo siku ya kwanza swichi ilikuwa inakatakata, na kaka yangu akanitania mbele ya watu: "Msomi wetu, mashine yako ina kwikwi." Nikapandwa na hasira. Nikaweka kapasita, kidude cha kuhifadhi umeme kidogo, sambamba na swichi, kwikwi ikaisha, nikatembea kiwandani kifua mbele. Rezista ya kuituliza, ile inayopunguza nguvu ya umeme, sikuweka. Kila mfuniko ulipofungwa, kapasita ilimwaga umeme wake wote kwa mkupuo kwenye vijiti vile, ikavichoma kidogo kidogo, hadi vishikane. Rezista moja, ndogo kuliko punje ya mchele.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu. Saa nne na nusu kaka huwa ndani ya kichanganyio, anakwangua sabuni iliyoganda kwenye mapanga.

Zamani alikuwa hakanyagi humo kabla ya kuzima swichi kuu. Aliacha kwa sababu yangu. Nilimwambia, "Kaka, ukishafungua mfuniko, hata mtu abonyeze kwa nyundo, haiwaki." Akaniamini, maana mimi ni mdogo wake na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Tena kuna mwendeshaji, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Yeye hukaa juu kwenye jukwaa, mahali ambapo haoni mfuniko. Alikuwa anashuka kuuliza kama usafi umekwisha. Tangu nifunge swichi, haulizi tena, anabonyeza kitufe tu: mashine ikikataa, mtu yumo, ikiwaka, mtu ametoka. Juzi alinionyesha ujanja huo, na mimi, mpumbavu mkubwa, nikacheka.

Simu ya kaka huwa kabatini akiwa kazini. Redio huvaa viziba masikio. Nikakimbia.

Nilikatiza uani, nikaingia ukumbi wa maboksi, nikakuta toroli limezuia njia na mwenye toroli anasimulia mpira. Nikalisukuma, maboksi yakamwagika. "Dada, umeingiwa na nini?" Nikaendelea kukimbia.

Mlangoni pa chumba cha kuchanganyia niliona mfuniko wazi, nikasikia kikwanguo cha kaka ndani, na mluzi wake. Juu jukwaani, mkono wa Redio ulikuwa unaelekea kwenye kitufe. Nilipiga ukelele, hakugeuka. Swichi kuu ilikuwa ukutani karibu na mlango. Nikaivuta kwa mikono miwili mpaka ikashuka.

Kidole cha Redio kikazama kwenye kitufe. Kimya.

Kaka akatoa kichwa. "Eh, mkaguzi umefika?"

"Toka."

"Nimebakiza upande mmoja tu."

"Kaka, nakuomba, toka sasa hivi."

Akautazama uso wangu, akatoka. Redio alishuka akivua viziba masikio. "Nilikuwa naangalia tu kama amemaliza," akasema.

"Najua."

Niliwasogeza wote mbali, nikapandisha swichi kuu, nikapanda jukwaani, na mfuniko ukiwa wazi vilevile nikabonyeza mwenyewe. Mapanga yakazunguka. Kikwanguo ambacho kaka alikiacha ndani kikakunjwa kama kijiko cha bati. Redio akakaa sakafuni.

"Wiki hii nimeingia mara tisa," kaka akasema.

Msimamizi alikuja, akasikiliza, kisha akanitazama kwa huruma. "Dukani siku hizi wanauza vitu vibovu. Swichi mbovu, sivyo?"

Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Nilitamani kutoka, sitaficha. "Swichi ilikuwa nzima," nikamwambia. "Mchoro ndio mbovu, na mchoro ni wangu."

Hadi saa tisa nilikuwa nimefunga swichi mpya mbili badala ya moja, kila moja na rezista yake, na mashine haiwaki mpaka zote mbili zikubaliane. Nilifungua na kufunga mfuniko mara mia mbili. Mara zote mia mbili, mashine ilikataa mfuniko ukiwa wazi. Kaka alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akihesabu pamoja nami.

"Sasa iko sawa?"

"Iko sawa."

"Una hakika?"

"Nina hakika, kaka."

Akainuka, akajipangusa suruali. "Basi ingia wewe. Mimi nitabonyeza."

Nikapanda ngazi, nikashuka ndani. Panga la chini lilinigusa ugoko, baridi, na sabuni iliteleza chini ya viatu vyangu. Hesabu zote nilikuwa nazo kichwani: volti, omu, mara mia mbili bila kosa. Nilisikia hatua zake jukwaani, zikasimama.

"Nibonyeze?"

Nikashika ukingo.

"Mdogo wangu. Nibonyeze?" Hakuwa ananitania.

"Hapana," nikasema. "Kazime swichi kuu kwanza."

Nikamsikia akishuka ngazi taratibu, kisha mlio mzito wa swichi kuu, na humo ndani nikaanza kulia.