Laptopu Aliyopewa Guru

Mimi mdomo wangu unajulikana mtaa mzima wa Putalisadak. Mtu akiniletea kompyuta mbovu niitengeneze akasema, "Jana tu ilikuwa nzima," namjibu, "Na jana ungekuja." Lakini siku Guru Ghanashyam, kuhani wa familia yetu, alipoingia dukani na laptopu kwapani, nilikosa hata salamu. Ilikuwa ya marehemu kaka yangu, Bishwas.

Lori lilimgonga kwenye njia ya Thankot. Pikipiki, simu, kila kitu kikasagika. Siku ya kumi na tatu ya matanga tukampa guru kitanda, godoro, sufuria na viatu, vitu vyote alivyovipenda marehemu, vipate kumfikia huko aliko. Mama akaongeza na laptopu. Nilipinga mbele ya wageni.

"Kwani wewe unataka mwanangu akose kitu?" akanifokea.

Nikatoka nje kwa hasira, sikuona waliyoyafanya baadaye. Wiki haijaisha, Mama akaanza kulia: nyimbo alizokuwa akijirekodi Bishwas chumbani zilikuwa mle mle kwenye laptopu. Na sadaka ya marehemu haiombwi irudi. Ukiiomba, umemnyang'anya yeye.

Sasa ilikuwa imekuja yenyewe.

"Binti, inaandika maneno meupe tu, haiendelei," alisema guru. "Niwekee mfumo mpya, mjukuu wangu asomee."

"Guru, nakuomba, kwanza nitoe nyimbo za kaka. Nyimbo tu."

Akanitazama kwa huruma. "Mimi nilipewa chombo. Sauti ni yenu, chukueni."

Nikampigia Mama pale pale. "Jioni utamsikia Bishwas."

"Wewe! Usinitanie."

"Haki ya Mungu sikutanii."

Akacheka na kulia kwa pamoja. Laiti ningeuma ulimi wangu!

Nikachomeka flashi ya kuwashia mashine, nikafika mahali pa kuchagua diski, humo nyimbo zinamokaa. Patupu. Hakuna diski iliyoonekana. Sikushtuka, maana hilo kwetu ni la kila siku. Mara nyingi mfumo unakosa draiva ya kuisomea diski. Nikaiweka draiva. Patupu. Nikaingia kwenye mipangilio ya mashine, nikabadili namna inavyosoma diski. Wapi! Hata mashine yenyewe haikujua kama ina diski.

"Acha ukaidi, wewe," nikasema.

"Unasema na nani?" guru akauliza.

"Na kaka."

Nikafungua mfuniko wa chini. Punje ya mchele ilikuwa imenata kando ya diski, nyekundu kwa unga wa tika, ule wa baraka. Kando yake doa la maji yaliyokauka, na meno ya diski yameota kutu ya kijani. Nikaichomoa, nikaisafisha kwa spiriti, nikaitia kwenye kasha na kuichomeka kwenye kompyuta yangu. Kimya. Nikajaribu kompyuta nyingine. Kimya. Nikamgeukia guru.

"Guru, mliinyunyizia maji siku ile?"

"Mimi huwa nadondosha matone tu," alisema polepole. "Mama yako ndiye aliyechukua chungu kizima cha maji ya kutakasia akaimwagia. Alisema mwanawe hatapokea kitu kichafu."

Nikainama nyuma ya meza nikalia, wateja wananitazama, na sikujali. Kisha nikamwekea guru diski mpya. Ilionekana mara moja. Ile ya kaka nikaifutika kwenye shali yangu, nikaenda nayo nyumbani.

Mama alikuwa ametandika mkeka, picha ya Bishwas mbele yake, na chai aliyoipenda, yenye iliki nyingi, inafuka kikombeni.

"Haya, washa. Anza na ule wa mvua."

"Mama, diski imekufa."

"Imekufaje?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ningemwambiaje? "Ilikuwa kuukuu," nikasema, na mimi ndiye niliyeinunua, sikukuu ya Dashain iliyopita.

Akakishika kile kikombe, akakirudisha bila kunywa. Kisha akakaza macho kwenye picha.

"Basi huko kwake inaimba," alisema. "Niliiosha kwa mikono yangu hii, vizuri kabisa, hadi ikachuruzika maji. Si ilimfikia safi, mwanangu?"

"Ilimfikia safi, Mama."